Dada Mkubwa Aliyeshusha Upanga

Jumamosi moja mjukuu wangu Nasra alikwenda kukodi kanda ya video, akarudi na sinema niliyoiona mimi nilipokuwa msichana wa rika lake. Yeye hakujua. Aliichukua kwa ajili ya picha iliyokuwa juu ya boksi: wanawake wawili wamevaa kifalme, kila mmoja na upanga wake mkononi, na nyuma yao jini lenye kichwa kikubwa kama pipa la maji. "Bibi, leo nimekuletea wazee wenzako," akaniambia, maana sinema yenyewe ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, na kwa Nasra kitu kisicho na rangi lazima kiwe cha zama zangu.

Nilikuwa nimeketi na ungo mapajani nachagua mchele. Deki ikameza kanda, ikakoroma kidogo, na ile ngoma ya mwanzo ilipolia tu, mkono wangu ukasimama ndani ya mchele.

"Hii naijua," nikasema. "Hawa ni ndugu wawili. Wanapigania kiti cha ufalme, kisha mkubwa anashusha upanga, anamwachia mdogo wake."

"Bibi! Sasa ushatwambia mwisho, tutaangalia nini?"

Nikacheka. Nikamwambia akae kitako aangalie, raha ya sinema ile ni namna panga zinavyogongana. Basi wewe uliyekua nasi utanielewa, na wewe uliyezaliwa juzi nivumilie kidogo. Kabla sijakueleza niliyoyaona siku hiyo, njoo kwanza turudi Kibokoni, mtaa wa utotoni mwangu.

Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Dada yake, mama mkubwa wangu, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua binti yake Salma, akatuweka sote wawili kifuani, mmoja huku na mmoja huku. Mimi nilimtangulia Salma kwa miezi tu, lakini tangu tulipoanza kusema yeye aliniita dada. Tulilala kitanda kimoja. Leso ikinunuliwa, pande moja langu na la pili lake. Tuliishi kwa babu, baba yao mama zetu, katika nyumba ya ghorofa ambayo ngazi yake ilikuwa nyembamba hata jeneza la mtu mnene lisingepita. Asubuhi moshi wa mahamri ulipanda hadi juu alipolala bibi, mbaazi zikichemka kwenye tui, na chini barazani muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Bibi alikuwa hawezi kusimama tena. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha uji, yote hayo yalitaka mikono, na mikono ilikuwa yetu sisi wasichana.

Mama mkubwa alikuwa mjane na alikuwa fundi wa nguo. Tangu utoto wake alikaa na mabibi wa Kihindi wa mtaa wa nyuma, akijifunza kwao kudarizi, na Kihindi akakisema kama maji. Hilo ndilo lililompa cheo chake siku ya Jumatano.

Jumatano alasiri ilikuwa sinema ya wanawake peke yao. Mwanamume aliyeruhusiwa ndani alikuwa mmoja tu, yule wa kuendesha mashine, naye alifungiwa kwenye chumba chake huko juu kama kuku wa kutaga. Hata babu, mkali alivyokuwa, hakuwa na la kusema ila neno lake lile lile: "Magharibi isiwakute njiani." Ukiingia ndani, mabuibui yanavuliwa, na chini ya mabuibui ni harusi! Hariri, vikuba vya asmini, udi umejaa kwenye nywele, na watoto wanalia, na krispi za muhogo zinapita mkono kwa mkono zikitiririka ndimu na pilipili. Safu yetu nawakumbuka wote. Bi Zuhura muuza ubuyu, ambaye alikuja na ubuyu wake na kutuuzia humo humo gizani. Mwanaisha na mapacha wake. Bi Sauda aliyekuwa akilia tangu majina yanapopita, hata hajajua ni sinema gani.

Sasa, wengi wetu Kihindi hatukukijua. Kwa hivyo kila safu ilikuwa na mfasiri wake, mwanamke mmoja anayefahamu, na wengine wanamsogelea. Na wafasiri nao walishindana. Wa safu ya mbele akisema huyu ni mumewe, wetu anapaza sauti, "Mume wapi? Huyo ni mjombake!" Na wa nyuma anajibu, "Mjomba gani anamwangalia vile? Hebu tufasirie vizuri au unyamaze tule muhogo." Basi ndani mle ulikuwa unaona sinema moja na kusikia hadithi tatu. Mama mkubwa ndiye aliyesifika kuliko wote, kwa kuwa alifasiri na sauti zake: jini kwa sauti ya jini, mtoto wa mfalme kwa sauti ya mtoto wa mfalme.

Mwaka wa sinema ile ya panga, Salma na mimi tulikuwa tumemaliza darasa la nne. Mwalimu wetu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akakaa ukumbini, akamwambia babu kwamba sote wawili tunafaa kuendelea. Babu akazungusha tasbihi yake. "Nyumba hino haitoi wasichana wawili," akasema. "Bibi yao nani atamwangalia? Atakwenda mmoja. Atakwenda mkubwa."

Mkubwa ni mimi. Usiku ule sikuhisi godoro chini yangu. Nilikuwa napenda kusoma namna watu wengine wanavyopenda halua. Nilisoma karatasi zilizofungiwa njugu, nilisoma magunia. Nilitaka kuwa mwalimu. Sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa Salma, na Salma akaniambia, "Utakuwa, dada. Nami utanifundisha ukirudi." Mwalimu alipewa ahadi ya kurudi Alhamisi ya wiki inayofuata kupokea jina rasmi.

Katikati ya siku hizo, Jumatano ya kwanza, mama mkubwa alikwenda sinema peke yake, jambo ambalo si desturi yake. Akarudi kimya. Tukamzonga: "Kulikuwa na nini? Kulikuwa na panga?" Akasema zilikuwapo. Jumatano ya pili, kesho yake mwalimu anakuja, akatuita. "Vaeni. Leo nawachukua nyote wawili, na krispi nanunua mimi." Nilimbusu mkono. Mapenzi gani haya, nikajisemea.

Siku hiyo hatukukaa safu yetu. Alitupeleka pembeni kabisa, penye ukuta, ambapo hapakuwa na mfasiri mwingine karibu. Salma alikaa upande ule, mimi upande huu, mama mkubwa katikati.

Sinema yenyewe, wallahi, ilikuwa nzuri. Mabinti wawili wa mfalme, mmoja kalelewa ndani ya kasri na mmoja nje, na kiti kimoja. Palikuwa na farasi anayeruka, palikuwa na chupa yenye jini, lakini vyote hivyo vilikuwa vya kungojea tu lile tulilolijia. Ngazi ndefu imening'inia mawinguni, haikushikwa na kitu, na juu yake ndugu wawili na panga zao. Panga zilipokutana, ukumbi mzima uliruka. Mdogo anarudi nyuma ngazi moja, mkubwa anapanda moja. Nguo zao zinapepea, moshi unapita miguuni, chwa! chwa! Wanawake wamesimama. "Mkate! Mkate huyo!" anapiga kelele mmoja huku mtoto ananyonya. "Usimkate, ni nduguye!" anajibu Bi Sauda kutoka kule kwenye safu yetu, analia kama kawaida yake. Halafu mkubwa akauzungusha upanga wake mara moja, na ule wa mdogo ukatoka mkononi, ukaanguka ngazi baada ya ngazi ukilia kama sahani ya shaba. Mdogo akapiga magoti. Ncha iko shingoni pake.

Mkubwa akaanza kusema, polepole, machozi yakimtoka. Mama mkubwa akainama, na safari hii hakupaza sauti. Alinena sikioni mwangu, pumzi yake ina karafuu.

"Anasema, mdogo wangu, kiti ni kimoja na sisi ni wawili. Mwenye nguvu kweli ni yule anayeweza kuacha. Chukua wewe. Mimi nitabaki nimwuguze mama yetu."

Na kweli, kwa macho yangu, yule dada mkubwa akashusha upanga. Akateremka, akauokota ule wa mdogo wake, akamrudishia mkononi. Nililia hata nikakosa pumzi. Sijawahi kuona mtu mkubwa namna ile. Kisha moshi ukatokea, jini likaanza kuinuka nyuma yao, nami nafuta macho nione vizuri, mama mkubwa akasimama. "Haya, haya, magharibi hiyo. Babu yenu atatuua." Tukavaa mabuibui gizani, tukakanyaga miguu ya watu, tukatoka. Nje jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Hilo nililikumbuka Jumamosi ya juzi tu. Siku ile nilikuwa nalia, sikuangalia juu.

Nyumbani Salma na mimi tulishika miiko ya pilau, tukapanda ngazi yetu nyembamba, tukapigana.

"Jitetee, mwizi wa taji!"

"Mwizi mwenyewe! Usinipige kwenye vidole, dada, naumia!"

"Malkia haumii!"

Nilimpokonya mwiko wake, ukabingirika mpaka chini. Nikasimama juu yake, naye kapiga magoti, anacheka, na mimi sikucheka. Nilishusha mwiko wangu. Nikaenda moja kwa moja kwa babu, ambaye alikuwa ameketi juu ya mswala wake akingojea adhana.

"Babu, mwache Salma aende shule. Mimi nitabaki na bibi."

Akaniangalia sana. "Umeambiwa na nani?"

"Sikuambiwa na mtu. Nimetaka mwenyewe."

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Alinikumbatia kwa nguvu, akalia begani pangu, akaniita kipande cha dada yake. Mtu pekee ambaye hakufurahi alikuwa bibi kitandani. Nilipompelekea uji wake alinishika kiwiko. "Mwanangu, umefanya haraka," akasema.

Bibi alifariki kabla Salma hajamaliza mwaka wake wa kwanza. Nilidhani labda sasa na mimi nitakwenda. Mama mkubwa akasema nafasi ya shule haingojei mtu, na tena mimi nishakuwa mwari, nikae ndani. Nikakaa ndani. Nikajifunza mahamri, mkate wa sinia, kusuka ukili, kisha nikaolewa, nikazaa, nikapika mahamri ya kuuza mpaka wanangu wakasoma. Salma akawa mwalimu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na nikilisikia jina hilo lilinipita kifuani, lakini halikunichoma, maana nilikuwa na jibu langu. Mimi nilimpa. Siku unga ulipokuwa hautoshi, siku marehemu mume wangu aliponinunia kwa wiki nzima bila sababu, nilijiambia, wewe si mtu mdogo, wewe ndiye dada mkubwa juu ya ile ngazi. Na binti yangu wa kwanza nilipomzaa, nilimpa jina la mama mkubwa. Nikamwita Maimuna.

Basi turudi Jumamosi. Sasa umejua nilivyokuwa nimekaa mbele ya televisheni ile, ungo umewekwa chini, moyo unapiga kama wa msichana. Ngazi ikaja na mawingu yake. Panga zikalia. Upanga wa mdogo ukaanguka, na mkubwa akaanza kusema huku akilia, na midomo yangu ikaanza kumfuata: mdogo wangu, kiti ni kimoja...

Nasra anakijua Kihindi. Watoto wa kwetu wote wanakijua kwa hizi hizi sinema. Akanigeukia. "Bibi, unasema nini?"

"Nafasiri."

"Hasemi hivyo."

"Anasemaje?"

"Anasema, okota upanga wako. Mimi sipigani na mtu aliye mikono mitupu. Kiti ni changu, na nataka nikipate kwa haki, watu wote wakiangalia."

"Hakutaja kumwuguza mama yake?"

"Mama gani, Bibi? Mama yao alikufa zamani. Si ile picha ukutani wanayoitia maua?"

Jini likainuka kwenye moshi, pale pale nilipovalishwa buibui, na mimi kwa mara ya kwanza nikaona linalofuata. Yule mdogo, upanga aliorudishiwa hakupigana nao kwa haki. Alilinyooshea jini, na jini likamchukua dada yake likamtupa kisimani, likafunika na jiwe. Akakaa yeye juu ya kiti. Na sinema ilikuwa haijafika hata nusu! Kisimani yule mkubwa akachimba kwa kucha zake. Akatoka. Akajifunza upanga upya, milimani, kwa kikongwe mmoja kipofu. Akarudi. Ngazi ile ile, mawingu yale yale, na mapigano ya pili yalikuwa makali kuliko ya kwanza. Ya kwanza yalikuwa mchezo wa watoto. Hakushusha upanga mpaka alipokaa kwenye kiti chake, na watu wakapiga vigelegele.

Nasra naye akapiga kigelegele. "Kakichukua! Umeona, Bibi? Mbona ulisema anamwachia?"

"Ndivyo nilivyofasiriwa."

"Basi aliyekufasiria alikuwa hajui Kihindi."

"Alikuwa anakijua," nikamwambia. "Irudishe nyuma."

Akairudisha, nikatazama tena. Nikatazama mpaka Nasra akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa iliyofuata Salma alikuja, kama ajavyo kila Ijumaa, na kibakuli chake cha kaimati kimefunikwa kwa sahani. Amestaafu sasa, magoti yanamsumbua, lakini ngazi yangu huipanda. Nilimkaribisha, nikamwekea mto, nikamtilia chai. Kisha nikamwuliza kama anakumbuka sinema ya ndugu wawili na ngazi ya mawinguni.

"Ya panga? Ah! Ile aliyotupeleka mama? Nitaisahau wapi! Ulinipiga na mwiko, kidole hiki mpaka leo."

"Mwisho wake ulikuwaje?"

Aliipuliza chai yake. "Mkubwa anarudi," akasema, na kisha akakisikia mwenyewe alichokisema, akaweka kikombe chini.

"Umejuaje, Salma, nasi tulitoka katikati?"

"Mama alinirejesha sinema Jumatano iliyofuata. Wewe ulikuwa unamwogesha bibi."

"Alikwambia kitu?"

"Aliniambia nisikuhadithie. Alisema, dadako ana moyo laini, utamtia simanzi bure." Akanitazama usoni, na sikuona aibu pale, niliona uchovu. "Ningekwambia lini, dada? Nilipokwisha kuvaa sare za shule? Nilipoanza kazi? Tena, kusema kweli, ni wewe mwenyewe uliyemwendea babu. Hakuna aliyekushika mkono."

"Hakuna," nikasema.

"Basi tule kaimati, zinapoa."

Zilipoa. Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kizingitini, nikampa salamu za wajukuu, kila kitu kwa adabu yake. Kumfukuza siwezi, tumenyonya ziwa moja.

Sinema ile ya Jumatano haipo tena. Jengo limekuwa ghala, milango imewekwa minyororo, na ukipita unanusa mpira wa magurudumu mahali pa asmini. Kila nyumba ina deki yake, kila mtu anatazama kwake, na hakuna safu wala mfasiri wa kuzozana naye. Bi Zuhura kaenda, Mwanaisha kaenda, Bi Sauda machozi yake yamekauka ardhini. Watu huniambia, kwani si zamani hiyo, mama, yashapita hayo. Shule ndiyo, imepita. Hiyo niliitoa na sikuidai hata siku moja. Lakini kule kutoa ndiko kulikokuwa mali yangu. Sikuwa na kitu kingine kikubwa maishani ambacho naweza kusema hiki nilikitoa mimi, kwa mkono wangu, kwa kupenda kwangu. Sasa nacho nimekikosa. Na aliyekichukua ni yule aliyeninyonyesha.

Jioni ya Ijumaa ile niliketi kuwasomea Yasini wafu wangu, kama nifanyavyo siku zote. Nikimaliza huwataja mmoja mmoja kwa majina, nisimsahau hata mmoja: babu, bibi, mama yangu niliyemjua kwa kuhadithiwa, mume wangu, majirani wa mtaa mzima. Niliwataja wote hao. Nikafika kwa mama mkubwa, Maimuna. Mikono iko juu, ulimi uko tayari, na jina lenyewe ni la binti yangu vilevile. Nikakaa hivyo, nalisubiri litoke, mpaka mikono ikafa ganzi.